Vumbi la Salfa Ndani ya Kinanda

Kinanda kilifika ndani ya gunia la korosho, kimefungwa kwa kamba ya katani, juu ya keria ya basi dogo la Newala. Kijana aliyekuja nacho alikibeba begani kutoka stendi hadi kwangu Chikongola, akakitua mezani taratibu kama anayelaza mtoto.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kinasumbua nini?"

"Kinachagua. Funguo nyingine ukizigusa kidogo tu zinapiga kelele, nyingine hazisemi kabisa. Mwezi uliopita kilikuwa kizima."

Kilikuwa Yamaha PSR ya kawaida, funguo 61, ile utakayoikuta kwenye kwaya na sherehe nyingi za kusini. Nilipotoa skrubu za chini na kuinua mfuniko, vumbi la njano likamwagika mezani. Ilikuwa Julai. Huko juu, kwenye uwanda wa Makonde, huo ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa ili ukungu usile maua.

"Mlikuwa mnakiweka wapi?"

"Stoo."

"Na salfa mnaweka wapi?"

Akaangalia miguu yake. "Stoo."

Nimefungua vinanda Mtwara kwa miaka kumi na minne sasa, na karibu kila ninachokijua juu ya sinthesaiza, vinanda vinavyotengeneza sauti kwa umeme, nilifundishwa na ubovu wake. Sikusoma popote. Baba alikuwa fundi redio Mikindani, mimi nikarithi bisibisi na pasi ya kulehemu. Kitabu cha maelekezo kinakuonyesha ubonyeze wapi. Kitu kikifa mkononi mwako, na mwenyewe amekaa kwenye benchi anakutazama, unalazimika kujua sauti inatoka wapi na imekwamia wapi.

Chukua hicho cha Newala. Mtu anadhani kinanda kinahisi nguvu ya kidole. Hakihisi. Chini ya kila ufunguo kuna vikofia viwili vya mpira vyenye ncha nyeusi ya kaboni. Ufunguo ukishuka, kimoja kinagusa ubao kwanza, cha pili kinafuata kwa kuchelewa kidogo sana. Kinachopimwa ni huo muda wa katikati. Ukiwa mfupi, kinanda kinasema huyu amepiga kwa hasira, kinatoa sauti kubwa. Ukiwa mrefu, kinatoa sauti ya kubembeleza. Sasa vumbi likikaa kwenye ncha ya kwanza, mguso wake unachelewa, unakaribiana na wa pili, na kinanda kinaamini umekipiga ngumi. Likikaa kwenye ncha ya pili, hesabu haikamiliki na ufunguo unanyamaza. Malalamiko yote mawili ya yule kijana yalikuwa vumbi lile lile, limekaa mahali tofauti.

Kusafisha ni kazi ya nusu siku na pamba na spiriti safi ya duka la dawa. Naandika "spiriti safi" kwa sababu zamani nilitumia petroli. Petroli inang'arisha kila kitu, nani asiyejua. Nilifuta ukanda mzima wa vikofia vya kinanda cha watu, nikaenda kunywa chai, niliporudi mpira ulikuwa umevimba kama andazi. Baadaye ulikauka ukarudi kidogo, lakini haukukaa tena kwenye matundu yake. Nilimlipa mwenyewe kwa kumpa kinanda changu.

Salfa ina tabia nyingine mbaya zaidi. Ikikaa muda na shaba au fedha huigeuza nyeusi, na weusi huo haupitishi umeme vizuri. Ukiongeza chumvi ya upepo wa bahari, kwa sisi wa huku chini Shangani na Mikindani, unapata mahali ambapo soketi ya hedifoni inaoza kwa ndani huku nje inang'aa. Watu huja na dawa yao: kukivika kinanda mfuko wa nailoni na kuufunga kabisa. Ni sawa na kufunga samaki kwenye mfuko. Unyevu ulioingia hautoki. Mimi nafunika kwa kanga kuukuu, inayopumua, na ndani ya boksi natupia vile vipakiti vidogo vinavyokuja na viatu vipya. Wauza viatu wa sokoni wananijua, wananiwekea.

Kinanda changu nilichotoa kama fidia kiliniuma kwa sababu kingine nilikuwa nimekiua mwenyewe. Hicho nilichokiua kilikuwa Casio CZ-101, mashine ya katikati ya miaka ya 1980, ndogo, funguo 49 nyembamba kama za kitoto, na watu wengi waliiona wakacheka. Niliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifunga virago Mikindani. Ina kitu kimoja kilichonifaa: inaendeshwa na betri kubwa sita, zile za redio. Mtu aliyekulia Mtwara anajua umeme unavyoweza kuondoka bila kuaga. Usiku mtaa mzima giza, mimi nimekaa barazani na Casio yangu mapajani, watoto wamenizunguka.

Lakini betri sita zina gharama, nikaamua kutafuta adapta. Nyumbani kulikuwa na ya Yamaha. Plagi iliingia vizuri kabisa. Nikawasha. Moshi haukuwa mwingi, ni uzi mmoja mwembamba uliopanda kutoka nyuma, na harufu ambayo hadi leo nikiisikia kwa jirani natoka nje.

Adapta ile ya Yamaha ilitoa volti 12, na chanya ilikuwa katikati ya plagi. Casio ile ilitaka volti 9, na katikati ilitaka hasi. Yaani nilikosea kote kuwili, kiwango na upande. Ubaya ni kwamba hata volti zikilingana bado unaweza kuua: vikanyagio vya gitaa vya Boss ni volti 9 na hasi katikati, vimashine vya Volca vya Korg ni volti 9 pia lakini chanya katikati. Plagi hazijui tofauti hiyo. Karibu na tundu la umeme la vifaa vingi kuna kimchoro cha duara lililokatika lenye kitone katikati, na alama za kujumlisha na kutoa. Kile kimchoro nilikuwa nimekiona miaka yote nikidhani ni nembo. Siku hizi kila adapta inayoingia kwangu naipima kwa mita kwanza, kisha naiandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta na kuifunga shingoni. Ukutani kwangu kuna adapta zimening'inia na plasta zake kama wagonjwa wodini.

Nitaje na vya Japani haraka, maana vinaletwa. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la kule ukikichomeka kwenye 230 za hapa unasikia mlio mmoja tu, na huo si wa muziki. Na wala usiseme transfoma ya 110 inatosha. Hapa kwetu ikipanda kidogo unakuta umekipa kinanda cha 100 karibu 120, nacho kitapiga, ila ndani kinapika. Jamaa wa Lindi aliniletea kimoja kilichokwenda hivyo mwaka mzima. Kilipokufa, plastiki ya juu ya chumba cha umeme ilikuwa imeshapinda.

Sasa nifike kwenye kinanda cha kanisani.

Mwaka 2016 mwalimu wa kwaya wa kigango kimoja njia ya Masasi alinifuata dukani. Akanisalimu, akaulizia hali ya nyumbani, akanywa maji, ndipo akasema kinanda chao kimekufa, mmisionari aliyekileta kutoka Ujerumani alisharudi kwao zamani, na Pasaka inakaribia. "Kinawaka, fundi, lakini bubu."

Nikapanda naye basi. Kwenye chumba cha nyuma ya altare, chini ya mapambo ya Krismasi, nikaoneshwa boksi refu la chuma la rangi ya kahawia nzito, batani bapa zimepangwa kama vigae, kilo kumi na nne na ushee. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka, sijawahi kuligusa: Yamaha DX7, ya mwaka 1983. Mimi Mwislamu nimepiga magoti sakafuni nyuma ya altare, mwalimu wa kwaya akaniangalia akacheka. Nilikuwa napapasa nyuma kutafuta tundu la sauti.

Kosa la kwanza halikuwa kosa. DX7 haina spika. Zamani ilikuwa na amplifaya yake, mtu akaiazima kwa ajili ya harusi, harusi ikaisha, amplifaya haikurudi, na waliokuja nyuma hawakujua kama ilikuwepo. Nilipochomeka hedifoni nikasikia kosa la pili: makelele, kama mtu anayeburuta bati kwenye kokoto. Kwenye kioo kidogo kulikuwa na maneno ya kuagiza betri ibadilishwe.

Ndani ya DX7 kuna betri ya duara kama ya kwenye kompyuta, CR2032, imelehemiwa kwenye ubao. Kazi yake ni moja, kuitunzia mashine kumbukumbu ya sauti zake 32 wakati umeme haupo. Ilikuwa imeishi miaka mingi kuliko nilivyotegemea, ikafa, na sauti zote 32 zikageuka takataka. Katriji ya kuzirudishia haikuwepo. Kuweka betri mpya ilinichukua saa moja. Nililehemu kishikio ili atakayekuja baada yangu abadilishe bila moto. Lakini betri mpya hairudishi cha zamani. Nilikuwa na kinanda kizima, kitupu kama mtungi mpya.

Sauti za kiwandani zipo kwenye intaneti, bure, unazituma kutoka kwenye kompyuta kwa waya wa MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huongea. Tatizo, waya sikuwa nao. Nikaagiza Kariakoo. Wiki tatu. Kwa ruhusa ya mwalimu nikakibeba kinanda nyumbani, na kwa wiki tatu hizo sikuwa na jingine la kufanya ila kutengeneza sauti moja moja kwa mkono, kuanzia sifuri.

Sinthesaiza nilizozizoea hufanya kazi kama mchonga vinyago. Unaanza na gogo, mlio mnene wenye kila kitu ndani, kisha unakata kwa filta mpaka kibaki unachokitaka. Robert Moog alianza kuuza mashine za namna hiyo Marekani miaka ya 1960, na nyingi zilizofuata ni watoto wake. DX7 haichongi. Ina vyanzo sita vya sauti, vinaitwa operata, na kila kimoja ukikisikia peke yake ni mlio mtupu usio na rangi, kama mtu anayepiga mluzi. Nilishangaa. Miluzi sita! Ndiyo mashine iliyotamba dunia nzima?

Ufunguo wa jambo niliupata kwa mtu aliyeligundua. John Chowning, mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akicheza na mtetemo wa sauti, ule ambao msomaji wa kaswida anauweka mwishoni mwa mstari. Sauti inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, labda mara sita kwa sekunde. Chowning akaongeza kasi. Akaongeza tena. Ikafika mahali sikio halisikii tena mtetemo, linasikia sauti ya rangi mpya kabisa. Ndiyo siri yote: operata moja inaitetemesha nyingine kwa kasi isiyofuatika, na kutoka kwenye miluzi miwili unazaliwa mlio wa shaba, au wa besi, au wa kengele. Yamaha walinunua haki ya kuitumia mbinu hiyo, na DX7 ni tunda lake.

Nilipoelewa hivyo nikaacha kulala. Nilianza na operata mbili tu, nyingine nimezizima. Zikienda kasi sawa, moja kwa moja, unapata kitu kinachoelekea tarumbeta. Ya pili ikienda mara mbili, sauti inakuwa na uwazi wa filimbi ya mwanzi. Hesabu zikiwa kamili, sauti inakaa kwenye wimbo. Zikiwa na vipande, inakuwa chuma. Chowning mwenyewe kwa kengele alitumia 1 kwa 1.4, nikaweka 1.40 kwenye kioo, nikabonyeza, na usiku ule Chikongola ikawa na kengele.

Haikuwa kengele nzuri. Ilikuwa ya bati. Nilihangaika nayo siku nne, mpaka asubuhi moja nikaenda shuleni wanapogonga rimu la gari lililoning'inizwa mwembeni, nikamwomba mlinzi aligonge mara moja tu. Sikiliza rimu likigongwa: ule ukali wa mwanzo, kwenye meno, unakufa haraka, unaobaki ni mlio mnene unaokwenda zake polepole. Nikarudi nyumbani, ile operata inayotetemesha nikaipa mwendo wa kushuka haraka, ile inayosikika nikaipa wa kushuka polepole. Mke wangu akauliza kutoka jikoni nani anagonga.

Waya wa Kariakoo ulifika, na ulikuwa mbovu kwa namna ya kuvutia. Noti unapiga vizuri, lakini mzigo wa sauti haufiki. Nikapiga hesabu. Sauti 32 za DX7 zikifungwa pamoja ni baiti 4,104. MIDI inakwenda biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti inahitaji kumi ukihesabu za kufungulia na kufungia, kwa hiyo ni baiti 3,125 kwa sekunde. Mzigo mzima unapaswa kupita kwa sekunde moja na robo hivi. Waya za bei rahisi zina tumbo dogo. Noti moja moja zinameza, ujumbe mrefu unazipalia katikati, na DX7 ikiona hesabu haikutimia inautupa wote. Niliazima waya mwingine wa kampuni inayoeleweka kwa mwenye studio, nikafungua ulinzi wa kumbukumbu kwenye kinanda, nikabonyeza. Sekunde moja na kidogo. Sauti zote 32 zikawa nyumbani.

Nikampelekea mwalimu. Nikamwanzishia kengele yangu, ile ya wiki tatu, niliyoihifadhi namba ya mwisho. Aliisikiliza kwa heshima mpaka ikaisha.

"Nzuri sana, fundi. Sasa tuwekee ogani."

Nikachagua mpangilio wa 32, ambamo operata zote sita zinasimama bega kwa bega bila kutetemeshana, nikazipa kasi ya 1, 2, 3 na kuendelea, kila moja na ujazo wake. Ogani hiyo, dakika kumi. Kwaya ikaimba Pasaka nayo. Sikuona haja ya kumweleza kwamba kazi ngumu ilikuwa ile ya kwanza.

Mambo ya jukwaani yana walimu wao. Kuna ngurumo ile, vuum, inayotoka kwenye spika kabla hujagusa kitu. Umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, na noti iliyo jirani yake kabisa ni G ya chini, yenye mitetemo 49. Kwa hiyo ngurumo ya Mtwara ni G iliyopanda kidogo. Marekani, wenye umeme wa 60, yao inaangukia kati ya B bapa na B. Nakiri kwamba nilishawahi kupiga sherehe nzima kwa G ili ngurumo ionekane ni sehemu ya wimbo. Watu walicheza.

Kisa chake, kwa kawaida, ni vifaa viwili kupata ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, kwa njia mbili: kinanda kimechomekwa soketi ya sebuleni, mixa iko kwa jirani upande wa pili wa turubai, kisha waya wa sauti unaziunganisha na kufunga duara. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja na mara nyingi ngurumo inakwisha hapo hapo. Isipokwisha, kisanduku cha DI, kile cha kupitishia waya wa sauti, chenye transfoma katikati kinakata duara bila kukata usalama. Nawaona vijana wanang'oa mguu wa ethi kwenye plagi. Kweli, inanyamaza. Kwenye harusi moja mwimbaji wetu alipeleka mdomo kwenye maiki huku ameshika kinanda cha plagi ya miguu miwili, akaruka nyuma ameshika midomo, na wageni wakapiga makofi wakidhani ni staili.

Harusi nyingine, bibi harusi anaingia, nimeshika akodi ya nyuzi laini kwenye kinanda kimoja, sauti yenyewe inatoka kwenye mashine ya pili kwa waya wa MIDI. Mtoto akapita mbio, waya ukang'oka. Nikainua mikono. Sauti ikaendelea. Bibi harusi kafika, kakaa, shehe kashika maiki, sauti ipo. MIDI haibebi sauti hata chembe, inabeba amri: noti imeshuka, noti imeinuka. Amri ya pili haikufika, na mashine ni mtiifu kuliko askari. Nilikuwa sijui kuwa kuna amri namba 123 ya kuzima noti zote, ambayo vinanda vingi vimeifichia batani. Nilizima umeme. Pamoja na taa.

Ugonjwa wa kununua niliupata kama kila mtu. Kila mwaka nilikuwa na kitu kimoja ambacho kingenikamilisha. Kilichonipunguzia ni kidude cha bei ya chini kuliko vyote, Korg Monotron, kilichotoka 2010, unakiweka mfukoni, kinakula betri mbili ndogo. Rafiki alinipa. Hakina funguo, kina utepe wa kupitishia kidole, vishikizo vitano na filta ya kweli ya analogi. Nilikwenda nacho kwenye ngoma, upande wa Nanyamba, kumwonyesha mjomba wangu ambaye ni mpigaji. Tulikaa juani. Sauti ikaanza kuhama. Nairudisha, inahama tena. Nikaanza kuomba radhi, kwamba analogi ndivyo ilivyo, joto likibadilika na sauti inabadilika.

Mjomba hakunielewa ninaomba radhi ya nini. Pembeni yake vijana walikuwa wamewasha moto wa makuti, wanapitisha vinganga juu yake, ngozi ikazane kabla ya kuanza. "Na chenyewe kipashe," akasema.

Sasa hivi ana mjukuu wake hapa mjini, anatengeneza midundo kwa programu ya FL Studio kwenye laptopu ambayo kioo chake kimeshikwa na selotepu. Nilimpa Dexed, programu ya bure inayoiga DX7, pamoja na faili la sauti zangu. Wiki mbili baadaye nikiwa napita Sabasaba nikasikia singeli inatoka kwenye bajaji, kasi ya kukatisha pumzi, na juu yake kitu kinagonga, kinagonga, kinagonga. Rimu la gari. Kengele yangu ya bati, imepandishwa oktava mbili. Nilisimama barabarani mpaka bajaji ikapigia honi.

Kile cha Newala kilichukua siku mbili. Funguo zote 61 zikasema, za kubembeleza zikabembeleza. Kijana alikuja na gunia lake lile lile. Nikalikataa, nikakifunga kwa kanga, na vipakiti vya viatu vinne ndani.

"Hela, fundi, mpaka mnada wa kwanza."

"Najua. Oktoba si mbali. Utakiweka wapi lakini?"

"Si stoo tena. Nitakiweka chumbani kwa bibi."

"Kwa bibi hakuna salfa?"

Akafikiri kidogo, kinanda kikiwa begani.

"Salfa hakuna. Kuna kuku."